Bangili ya Bi Tumpale

Siku hizi Tukuyu kila mzazi huvaa bangili inayodunda sawasawa na moyo wa mtoto wa jirani. Mapigo ya mwanao mwenyewe yangekutaharukisha bure. Tangu wazazi wakubaliane hivyo kikaoni, hawajazika kijana aliyeanguka ghafla kwa moyo kusimama.

Bi Tumpale alikuwa anamenya ndizi bangili ilipoanza kwenda mbio. Moyo wa Atupele, yule mwanachuo wa jirani! Alinyakua mashine ya kushtua moyo, akakimbia pekupeku hadi uwanja wa mpira wa pete, ambako binti huyo hushinda kila jioni.

Alimkuta Atupele amesimama, ameshikana mikono na Gwakisa, mwanawe Tumpale mwenyewe. Mara akatokea Mzee Mwakabana, anayevaa mapigo ya Gwakisa, naye anahema na mashine yake.

“Mko wazima?” Tumpale aliuliza.

“Wazima, Mama,” Gwakisa alisema akitazama chini. “Nimemchumbia. Amekubali.”

Mwakabana alicheka hadi akakaa kwenye nyasi. “Sasa Mama Gwakisa, tumshtue nani?”

Tumpale aliwakumbatia wachumba wote wawili huku machozi ya furaha yakimtoka.

“Lakini Mama,” Atupele aliuliza kwa adabu, “siku tukitaka kuwa wawili tu, tutafanyaje?”

Wazazi wakazitazama bangili zao. Hilo hawakulijadili kikaoni.