Udongo wa Nyumbani kwa Mwalimu

Shule ambayo shamba lake limechoka haipewi ruzuku, mpaka mwalimu wa kilimo aufidie udongo wa shamba hilo kwa udongo wa nyumbani kwake. Ndivyo sheria isemavyo.

Kwa mihula mitano Mwalimu Aminieli Mshiu alikuwa ameuhamisha ua wake, kikapu kwa kikapu, hata nyumba yake ikabaki imesimama juu ya mwamba mtupu. Muhula wa sita Bodi ya Shule, ambayo ni kipimo cha chuma kilichofukiwa katikati ya shamba, ilidai debe moja zaidi.

"Pamebaki pale penye migomba tu," alimwambia mkewe, Ndeanasia.

"Pale amelala Nsia."

Huyo alikuwa binti yao pekee, aliyefariki akiwa na umri wa miaka minne.

"Mama Nsia, shule ikifungwa, watoto mia mbili na kumi na wawili watarudishwa nyumbani."

"Wa kwangu yuko nyumbani tayari. Mwache."

Hakumwacha. Alichota udongo wa juu kwa kiganja, polepole, mpaka debe likajaa, akaenda kuumwaga shambani. Kipimo kilinguruma, kisha kikatangaza kwa sauti ya upole:

"Deni limelipwa. Ruzuku imeidhinishwa kwa wanafunzi mia mbili na kumi na watatu."

Aliporudi akamsimulia mkewe. Ndeanasia hakulia. Alifungua sanduku, akatoa kitambaa cha sare na mkasi.

"Sasa amerefuka kiasi gani?" akauliza.