Nyota za Mzee Shemboko

Siku hizi huruhusiwi kula chakula cha jioni kabla hujasalimia kwa jina kila nyota iliyoandikishwa juu ya uwanja wako. Namkunda aliacha jioni moja tu, ile aliyomzika mama yake, na jirani wa mashariki, Mzee Shemboko, akamchongea. Akafungiwa ndani miezi miwili. Hata arobaini ya mama ikampita.

Alipotoka alinunua darubini, yake ya kwanza. Siku tatu hakuona kitu, mpaka alipokumbuka kutoa kifuniko. Ya nne akaielekeza juu ya uwanja wa Shemboko, akaandikisha nyota mia mbili zisizoonekana kwa macho.

Mwezi mzima alisalimia zake saba, akala taratibu huku akimsikiliza mzee akikauka koo. Leo mzee alimaliza mapema.

“Umeanza kuziruka, mzee wangu?” Namkunda aliuliza kwenye wigo, sahani mkononi. “Mimi nami najua kuchongea.”

“Sijaruka hata moja, mwanangu. Nyota husogea magharibi kila siku. Kwangu zimebaki tisa.”

“Na zingine?”

Shemboko aliinua macho juu ya uwanja wa Namkunda. Kisha akaitazama sahani ya jirani yake.

Tonge Namkunda alikuwa ameshalimeza.