Posa ya Fundi Shekue

Siku hizi kampuni ikimtaka mfanyakazi wa kampuni nyingine haimpigii simu. Inatuma mshenga nyumbani kwake na barua iliyofungwa kwenye leso. Anayeposwa haruhusiwi kusema neno. Jamaa zake ndio wanaojibu, na mmoja akikataa, hakuna posa.

Shekue, fundi wa kuchomelea, alitakiwa na kampuni inayojenga kwenye Mwezi, huko angani, akafanye kazi huko miaka mitatu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Idi, alikuwa nyumbani mchana. Aliomba moyoni jamaa zake waikatae posa.

Mkewe alitazama mkeka. "Mimi nimeridhia."

Mshenga akamgeukia Riziki, binti yao wa miaka sita. "Na wewe, mwanangu, unaturuhusu tumchukue baba?"

Mtoto alishangaa.

"Kwani bado hamjamchukua?"