Uzi wa Kidole cha Sita

Mzee Gregory alihesabu vidole vya mjukuu wake mchanga, akahesabu tena, akaagiza Akida mwenye duka aitwe upesi.

Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa na vidole sita. Hapo kijijini, jirani na Kharumwa, mtu wa vidole sita alikuwa Akida peke yake, na Theopista, mama wa mtoto, hununua sabuni kwake. Kwamba kijiji kizima hununua sabuni hapo hapo, mzee hakulitia hesabuni.

"Kesho anarudi kwao Ushirombo," aliamua. "Na ng'ombe wetu warudi."

Pantaleo, mume wa Theopista, alitazama chini. Alimpenda sana mkewe, ila kumbishia baba yake hakuwahi kuweza.

"Kitanda hakizai haramu, Baba Pantaleo," alisema Febronia, mke wa mzee. "Niacheni nikifunge uzi, kidondoke, yaishe." Ndivyo wanavyofanya bibi wa huku: kidole kisicho na mfupa hukazwa uzi, siku chache tu kimekauka na kuanguka.

"Thubutu! Hicho ni ushahidi!"

Akida akafika, mkasi wa kukatia vitambaa ungali mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Nyoosha mkono!"

Akanyoosha. "Hiki nimekirithi kwa marehemu baba yangu, Maulidi. Mlikiona wenyewe akiwapimia kaniki. Lakini kwa mtoto huyu, wallahi, simo."

"Umo! Ukoo wetu hauna vidole sita. Mimi nilirudi kutoka machimboni Geita nikamkuta Pantaleo ameshaanza kukaa, na vidole vyake kumi, safi kabisa!"

Theopista alikuwa tayari anafunga kanga zake, machozi yakimdondokea mtoto. Febronia alimtazama, na roho ikamuuma. Binti huyu ndiye aliyemtekea maji masika yote, mgongo ulipomlaza kitandani. Hakuwa na kosa lolote.

Bibi akaushika mkono wa kushoto wa Pantaleo, akaugeuzia mwangani. Kando ya kidole cha mwisho palikuwa na kinundu kidogo, ambacho maisha yake yote Pantaleo alijua ni chunjua.

"Huyu nilimfunga mwenyewe, siku aliyozaliwa," alisema. "Uzi aliuleta Maulidi, alfajiri, kwa mlango wa nyuma."