Mdomo wa Akaunti ya Bure

Akaunti ya Dhahabu ilitozwa ada kila mwezi. Akaunti ya Bure haikutozwa kitu, ila benki iliingia mdomoni mwako bila hodi na kutangaza biashara yake. Mwanaidi, mwenye Dhahabu, aliwaona watu wa Bure takataka tupu. Na mumewe Shekue, kwa ubahili wake, alikuwa mmoja wao.

Msibani kwa shangazi, Shekue aliwashika wafiwa mikono. "Poleni sana. Mkopo wa mazishi, riba nafuu!"

Mwanaidi alimsonya njia nzima. "Mwanamume mzima umeupangisha mdomo kama chumba cha uani! Kesho nakuhamishia Dhahabu, nalipa mwenyewe."

Jioni alipakua wali na samaki. Shekue, ambaye tangu ndoa hajapata kusifu chakula, aliinua uso.

"Mke wangu, mikono yako ina baraka. Ningekuoa tena."

Mwanaidi akasubiri tangazo. Halikuja. Shekue alikuwa amejishika mdomo, macho yamemtoka.

"Hayo... si mimi niliyesema," alinong'ona.

"Kula, Baba Saumu," alisema Mwanaidi, akimwongezea samaki.

Na kesho yake benki hakukanyaga.