Penalti ya Mwisho

Kila Jumamosi Bi Sikudhani alimpeleka mjukuu wake maktaba, na kila Jumamosi yeye mwenyewe alibaki kwenye benchi la mlangoni kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa. Aliishia darasa la nne. Vitabu, kwake, vilikuwa vya watu wengine.

Siku hiyo mkutubi, Bwana Nasoro, alimfuata pale pale.

"Bibi, wewe unapenda nini?"

"Mpira," akajibu, akidhani mazungumzo yataishia hapo.

Nasoro akaenda, akarudi na kitabu cha fainali za zamani, chenye herufi kubwa. Bibi alikipokea kwa adabu tu. Akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikinong'ona. Kufika ukurasa wa tatu, kidole kilikuwa kimeshika kasi. Mara akasonya.

"Refa gani huyu? Ameotea waziwazi, naye anakubali goli."

Saa ya kufunga maktaba ikafika. Mjukuu wake, Shamimu, akaja na begi mgongoni, akamvuta mkono.

"Bibi, twende. Wanafunga."

"Tulia, mama. Tumebakiza penalti moja."

Shamimu hakuwahi kumwona bibi yake hivyo. Akavua begi, akajibanza ubavuni pake, akachungulia.

Bwana Nasoro alikuwa amesimama karibu yao, funguo mkononi. Akashindwa kuvumilia.

"Kafunga?"

Bi Sikudhani hakuinua macho. Alinyanyua kiganja kumnyamazisha, akalowesha kidole kwa ulimi, akafunua ukurasa.