Boga Changa Halinyooshewi Kidole

Masika yaliyopita maboga yote ya Mashavu yalioza yangali machanga, wala hakupiga ramli. Alijua ni jirani yake, Siwatu. Pale mtaani hata mtoto anajua kwamba boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha unakunja ngumi, la sivyo linaoza. Tangu siku hiyo hawakuamkiana.

Mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, Mashavu alikuwa akipalilia nyuma ya nyumba aliposikia sauti juu ya uzio wa makuti.

"Shoga, taratibu na jembe! Utalikata hilo boga hapo, chini ya jani."

Aliinua kichwa. Siwatu alikuwa ameunyoosha mkono kuelekea kwenye tuta, na mwisho wa mkono ule palikuwa na ngumi, imefumbwa kama ya mtoto aliyeficha peremende.

Mashavu alichanganyikiwa. Mtu anayekunja ngumi mbele ya boga la mwenzake, hata baada ya kununiwa mwaka mzima, ndiye huyo wa kunyoosha kidole? Na kama si yeye, ni nani? Nani mwingine aliyekuwa akiingia humu kila asubuhi kuyahesabu, moja baada ya jingine?

"Lipi?" aliuliza. "Hili?"

Siwatu alikuwa akiutazama mkono wa Mashavu.

Mashavu naye akautazama. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimenyooka kama msumari, karibu kigusane na kiboga kisichozidi yai, ua lake bado bichi.